Kimea cha Uwele wa Gasto

Gasto alizikwa mwezi wa sita, uwele wake ukiwa bado umelundikwa uani, na tangu siku hiyo hakuna chakula kilichokuwa na ladha mdomoni mwa Scola. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Majirani wa Ilongero wana huruma tele kwa mjane anayelia, lakini anayefagia uwanja, akakamua ng'ombe na kuitikia salamu bila chozi, huyo wanamsema. Scola hakuwa jeuri. Alikuwa amekufa ganzi tu, na kazi alizifanya kwa sababu mikono ilizijua.

Sasa ilibaki pombe ya kumaliza msiba. Katika ukoo wa Gasto pombe hiyo hupikwa kwa nafaka aliyoilima marehemu mwenyewe. Ukichanganya ya shamba lingine, wazee hawainywi, na mjane anabaki ndani ya nguo zake nyeusi.

Uwele wenyewe ulikuwa umebaki kidogo. Nusu Scola aliusaga unga. Nusu aliuloweka, ukachipua, akauanika ukawa kimea. Hapo ndipo alipoharibu, na aliharibu kwa kujali. Mwenye duka la pembejeo alikuwa amempa vumbi jeupe la kujaribu, laini kuliko poda ya mtoto, akalisifia kwamba halina sumu, ni jiwe lililosagwa, fukusi wa nafaka akilipitia anakauka. Kwenye mtama wake wa ghalani lilifanya kazi vizuri. Scola akaona kinacholinda mtama kitalinda na kimea, akakinyunyizia bila ubahili, akafunga kiroba.

Siku ya kupika, binti yake Loyce alikuwa amerudi kutoka Dodoma, anakosomea kemia. Scola alipika uji mzito chungu kimoja, akauacha upoe hadi uvuguvugu, akakoroga kimea. Kwa kawaida hapo mpishi akienda kuteka maji na kurudi, uji umeshalegea na kuwa mtamu. Loyce alichota kwa kata, akaonja.

"Mama, umeonja huu?"

"Nimeonja."

"Ukauona uko sawa?"

Scola aliukoroga tena. Kwake uji ule ulikuwa kama kila kitu kingine.

"Hauna utamu hata kidogo," alisema Loyce. "Na bado ni mzito. Kimea umekiweka nini?"

Scola akamletea lile vumbi. Loyce akalisugua kati ya vidole, kisha akamweleza mama yake polepole. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, ndivyo vinavyokata wanga ukawa sukari. Kila kimoja kimejikunja kwa namna yake, na kwa mkunjo huo ndivyo kinavyoushika wanga. Vumbi hili lina chembe ndogo ajabu, hata darubini ya shuleni haizioni. Kimeng'enya kikikutana na chembe, kinaganda juu yake na kukunjuka.

"Kinakufa?" Scola aliuliza.

"Hakifi, mama. Kipo palepale. Ila umbo limeharibika, kazi yake hakiiwezi tena."

Scola aliutazama uji. Maneno yale aliyaelewa haraka kuliko Loyce alivyotegemea.

"Na kikibanduliwa kwenye vumbi?"

"Vingine vinarudi. Vingine havirudi."

Unga wa kutosha ulikuwepo bado, kilichokosekana ni kimea. Loyce alitaja cha jirani, mama yake akatikisa kichwa. Kisha Scola akanyanyua macho juu ya mafiga, kwenye masuke ya uwele, meusi kwa moshi. Gasto aliyatundika wiki ile ile aliyougua. Mbegu ya msimu ujao, aliyoichagua suke kwa suke kama mtu anayechagua mchumba, na Scola alikuwa akimtania kwa hilo.

Aliyashusha yote. Loyce akaenda kuleta ungo.

Kimea kipya, cha masuke yale, hakikutiwa vumbi. Safari hii uji ulilegea, pombe ikaiva, na siku ya kumaliza msiba watu wakajaa uani. Simeoni, mdogo wake Gasto, ndiye aliyeonja kwanza. Alimeza, akainamisha kichwa.

"Hii ni yake kabisa," alisema. Wazee wakapokea kata, wakanywa.

Scola alipewa ya kwake. Hakusikia ladha yoyote. Alijua pombe ni tamu kwa kuangalia nyuso za wengine.

Simeoni alikuja kukaa karibu naye. "Shemeji, nimeingia jikoni sijaona masuke. Mvua ziko mlangoni. Utapanda nini?"

"Nitaomba mbegu."

"Na ya Gasto?"

"Ya Gasto imekwisha," alisema Scola.

Akajisikia akilisema neno hilo, kwamba imekwisha. Miezi yote hii wengine walikuwa wamelisema kwa niaba yake, kanisani, kaburini, na yeye akiitikia tu. Kifua kikamuuma, maumivu ya kweli, yenye mahali pake. Alinyanyua kata akaonja tena. Kwenye ncha ya ulimi palikuwa na kitu, labda utamu, labda moshi wa yale masuke. Akanywa tena, polepole, mpaka kata ikabaki tupu.