Pumba za Achari ya Kijapani

Wiki ya tatu kazini, madam aliinama kutoka kiti cha nyuma akaniambia, "Nuka." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, huku amekunja uso: "Nuka mafi. Jeddah, nuka mafi." Mafi nililijua, ni "hakuna" ya Kiarabu cha mtaani, maana hakuna anayekaa Saudia siku mbili bila kuambiwa kitu fulani hakipo. Lakini akili yangu ilikwama kwenye lile neno la kwanza, na nilichukia. Mtu hatoki Mwea mpaka Jeddah, akaoga mara mbili kwa siku, halafu aambiwe ananuka.

Nikanunua mafuta ya udi, nikajipaka mpaka shingoni. Asubuhi madam alipanda gari akafungua dirisha.

Nilikuwa nimekuja na lile wimbi la madereva ambao mawakala wa Nairobi waliwasafirisha kwa mafungu. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, alikuwa kampuni ya kukodisha madereva, nayo ikanipeleka Al-Rawdah kwa mhandisi Mjapani na mkewe. Kiingereza cha madam kilikuwa cha kuombea maji, na changu hakikukipita sana.

Siku ya nne ya kujipaka, nadhani baada ya kuchoshwa na udi, aliniita jikoni akafunua chungu. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kibichibichi, chenye harufu ya uchachu. Alikionyesha kwa kidole: "Nuka." Niliinama nikatazama. Zilikuwa pumba za mpunga, zile zile tunazowapa kuku nyumbani, zimekandwa kwa chumvi na maji. Kumbe kwa Kijapani pumba ndizo nuka. Nilicheka sana. Yeye hakujua ninacheka nini, akacheka pia, kwa adabu.

Humo ndimo alimokuwa akifukia matango na figili, na kesho yake akizitoa zikiwa achari. Pumba zenyewe, alinieleza kwa maneno machache na ishara nyingi, zilikuwa za mama yake. Mama alizikoroga kwa mkono kila siku, miaka na miaka, akiongeza mpya juu ya zile za zamani. Alipofariki, binti alichukua fungu akalifunga kwenye plastiki, akasafiri nalo. Kisha, kabla sijafika mimi, wakiwa safarini, kiyoyozi cha jikoni kiliharibika na chungu kikaoza. Aliokoa kiasi cha viganja viwili tu, na hicho nacho kilianza kutoa maji. Bila pumba mpya kingekufa.

"Mama hakuniachia kitu kingine," alisema. Alisema hivyo hivyo, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Tukaanza kuzitafuta. Kwenye duka kubwa walitupa nukhala, nami nikafurahi jinsi jina lilivyokaribia, kumbe ni pumba za ngano. Kwenye duka la Wafilipino tulipata mwani mkavu na pilipili ambazo madam huchanganya chunguni, lakini pumba hakuna. Mchele hufika Saudia ukiwa umekobolewa tayari. Mimi mtu wa Mwea, tunakolima mpunga, nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumzungusha madam juani.

Muuza chakula cha mifugo kule Al-Mahjar alikuwa na gunia moja. Nilitia chembe ulimini, kama tunavyofanya kinuni kwetu, kwa sababu pumba mpya ni tamu na zilizokaa huwa chungu. Hizo zilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Madam aliniangalia usoni, akageuka kurudi garini.

Wiki hiyo hiyo bosi, mume wa madam, alikuwa na mkutano Riyadh, nikamwendesha. Hoteli ilikuwa Al-Sulimaniyah, na mlinzi wa mlangoni alikuwa Mkenya.

"Pumba utapata kwa watu wa ngamia, huko nje ya town," aliniambia nilipomuuliza. "Lakini niambie ukweli. Madam wako anafuga nini?"

"Hafugi. Ni za chakula."

"Chakula ya nani?"

"Yake."

Alininyooshea kidole barabara ya kutokea mjini. "Haya, yalla, enda. Hii Saudia nimeona mengi."

Huko kwa watu wa ngamia, Mpakistani mmoja alinifungulia magunia manne. Matatu yalikuwa machungu. La nne, lenye picha ya ngamia, lilikuwa limeshushwa jana yake, na pumba zake zilikuwa tamu. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa ikama, kile kibali cha kuishi Saudia. Tulirudi Jeddah kiyoyozi kikiwa juu kabisa ili zisiharibike, bosi amevaa koti njia nzima.

Madam alizichekecha, akazikaanga kwenye kikaango, akazipoza, akazitia chumvi, akazikanda pamoja na kile kidogo cha mama yake. Siku za mwanzo alifukia majani ya kabichi na kuyatupa tu, kuzizoesha, alisema. Baada ya wiki mbili akafukia tango. Kesho yake aliniita.

Alikata vipande viwili, kimoja changu. Akatafuna polepole, macho ukutani. Sikupaswa kuuliza, lakini niliuliza: "Ni mama?"

Alimeza kwanza.

"Kidogo mama," alisema. "Kidogo ngamia."

Akacheka, mkono mdomoni. Kicheko kikaisha, mkono ukabaki pale pale na mabega yakawa bado yanatikisika. Nilimhurumia, na sikujua pa kutazama. Nikala kipande changu. Kilikuwa chumvi tupu na uchachu. Nikamwambia ni kitamu.

Akanikatia kingine.