Siku Nilipompa Mzee wa Watu Ujauzito

Jamani, leo nacheka, lakini ilifika mahali nikiona mtu wa Kibondo sokoni Kasulu nabadili njia. Mimi na shahada yangu ukutani, msimamizi wa kumbukumbu za wagonjwa wa vituo vyetu vyote, nilimpa mzee wa watu ujauzito.

Kanzidata ilikuwa kubwa na inakaa kwenye seva moja ya Kasulu, ikizima hiyo hakuna anayetibiwa, nikaambiwa nichague mpango wa kuhakikisha haizimi. Nikachagua seva mbili: ya Kasulu inaandika, ya Kibondo inanakili, na ya kwanza ikinyamaza ya pili inashika usukani yenyewe. Ya Kasulu nikaiita Bukuru, ya Kibondo Butoyi, majina ya mapacha, ndio Kulwa na Doto wa Waha (mimi wa kuja, nikajiona mjanja). Nestori, mhandisi mwenzangu, akaniuliza kikaoni, "Kaka, na seva ya tatu ya kuamua nani mkubwa iko wapi?" Nikamjibu mapacha hawahitaji mshenga. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Basi greda la barabara likakata mkongo wa mawasiliano. Bukuru hakufa, mzima kabisa, ila Butoyi hamsikii, akajitangaza mkubwa, wote wawili wakashinda wanaandika na kugawa namba zilezile za kadi kwa watu tofauti. Mawasiliano yaliporudi nikaunganisha mwenyewe harakaharaka (kumwita Nestori? Nife!), nikaamuru namba zikigongana, ya Kasulu ishinde.

Asubuhi nikampeleka mkurugenzi Kibondo akaone kazi yangu. Sista Devota ameshika sindano, mbele yake mzee mwenye kidonda mguuni, aliyeandikishwa jana yake. Sista akaingiza namba ya kadi, akakodoa macho.

"Mzee, hapa unasomeka mjamzito. Miezi saba."

"Yampaye Imana, Mungu wangu! Mke wangu anajua?"

Benchi zima likalipuka. "Hongera baba!" "Usibebe ndoo tena!" Mkurugenzi akanitazama, mimi nikatazama dari.

Sista akaweka sindano chini. "Huyu siye. Mzee, penisilini umewahi kuchomwa?"

"Si nilimwambia mwenzako jana? Inanivimbisha koo, nusura inizike. Akaandika humo."

Humo hamkuwa na neno la penisilini. Maelezo yake nilikuwa nimeyafuta mimi, kwa amri ya mstari mmoja.

Kicheko kikakatika. Nikakaa kwenye benchi, kati ya wagonjwa. Namba yake iligongana na ya mama mjamzito. Ingegongana na ya mwanamume mwenzake, hakuna ambaye angecheka, na Sista angechoma.

Mashine ya tatu ipo sasa, nimeipigia magoti mwenyewe. Na sitaunganisha tena kumbukumbu za watu peke yangu, hata mkurugenzi asimame mlangoni akiniharakisha. Mnitanie mtakavyo kuhusu ule ujauzito. Ndio uliomponya yule mzee, si mimi.