Gemu yenye daraja linalokatika

Leo nimejifichua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Binti yangu Achieng alikuja hapa Ndhiwa na mashine ya gemu aliyowanunulia watoto wake. Akanitania, "Mwalimu, tuwawekee gemu gani?"

Nikasema, "Ile yako ya zamani. Ila kwenye daraja la tatu waruke mapema, linakatika."

Akaacha kucheka.

"Baba, daraja hilo ulilionea wapi?"

Miaka ya tisini, kila Ijumaa jua likitua, niliifungia mashine yake kabatini hadi Sabato iishe. Sabato moja alasiri mashine hiyo ikaungua. Nilisema Achieng ameiba ufunguo akaicheza, nikamsimamisha kanisani atubu. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Aliyekuwa akicheza ni mimi.

Leo nimemwambia. Daktari amenishauri nihesabu siku, si miezi.

"Kesho nipeleke kanisani, nami nisimame pale pale. Miguu haina nguvu, unishike."

"Mimi nilisimama peke yangu, Baba."

Akachukua watoto, wakarudi Homa Bay.

Marafiki mlio karibu, nani atanishika mkono kesho?