Jina la redioni lililomzika Xaveri

Saa mbili asubuhi, mlima wa kuingia Nkwenda unamkuta Xaveri Harerimana ameinama nyuma ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Mikungu sita ya ndizi imening'inia pande zote. Baiskeli yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni shamba linalopanda mlima kwa miguu miwili iliyovaa makobazi ya tairi.

"Simba! Leo umehama na pori lako lote?" anapaza sauti Rwezaura, fundi cherehani, kutoka barazani kwake.

Xaveri anaendelea kusukuma. Zamani angenguruma kidogo, watu wacheke, siku ianze vizuri. Tangu mwezi wa pili mwaka huu wa 1993, akiitwa Simba anatazama pembeni kama mtu aliyetajiwa deni.

Kwa safari moja kutoka Mabira analipwa shilingi mia tatu. Mnyororo ukikatika njiani, anarudi nyumbani na hasara na mafuta meusi mikononi.

Simba ni jina lake la redioni. Hapa Nkwenda, mtu anayetuma kadi kwenye kipindi cha salamu hatumii jina la ubatizo. Hilo ni la kanisani na la kaburini. Rwezaura anajiita Chui wa Nkwenda kwa sababu, anasema, alipozaliwa alikuwa na mabaka. Kokuhirwa, anayetandika vitanda vya nyumba ya wageni, ni Malkia wa Mapazia. Yupo hata Bwana Senene, ambaye jina hilo la panzi wa msimu linamfaa: akionekana leo, hutamwona tena mpaka msimu ujao.

Lakini Xaveri hakuanza na Simba. Alianza na Punda wa Mama.

Wazazi wake walitoka Rwanda kufuata vibarua vya kahawa, wakaishi karibu na Kyaka. Baba alifariki mapema. Xaveri akawa mbebaji wa kila kitu: maji, kuni, na mdogo wake Kantengwa akichoka njiani.

"Akikaa mabegani alinishika masikio, anavuta la kulia nikate kulia," anasema. "Mama akatuona siku moja, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniita punda wake. Jina hilo tulilijua watu watatu tu duniani."

Vita vilipofika mwaka 1978, njia ilijaa watu, magodoro na mbuzi. Mama alimpandisha Kantengwa, wakati huo ana miaka kumi na miwili, kwenye lori pamoja na majirani. Yeye na Xaveri wangefuata kwa miguu na mbuzi wawili. Lori lilitakiwa kusimama mbele kidogo. Halikusimama.

Mama na mwana waliishia Mabira. Mbuzi walifika. Kantengwa hakufika.

Mama alikufa mwaka 1982 akiwa bado anamwekea binti yake sahani. Miaka miwili baadaye Xaveri alinunua kadi ya kwanza ya salamu. Angeweza kuandika Harerimana, lakini akina Harerimana ni wengi kama magugu, na jina hilo likitajwa kuna maofisa wanaokumbuka kuuliza kibali cha kuishi nchini. Akaandika: Punda wa Mama, wa Mabira, anamsalimu Kantengwa popote alipo.

Kadi ilisomwa. Nkwenda nzima ikaanguka kicheko.

"Bwana wee, wenzako wanajiita wanyama wanaokula, wewe umechagua anayepigwa!" Rwezaura alimwambia wakati huo. Wanawake sokoni walimtolea mlio wa punda akipita na mizigo. Wachuuzi walimwambia apunguze bei, maana punda hadai nauli.

Alivumilia miaka mitatu. Mwaka 1987 akachoka, akawa Simba wa Mabira. Chama cha wapenzi wa salamu kikampokea kwa soda. Kilikuwa na utaratibu wake: kadi ina nafasi ya watu watatu, na ukinisalimu nami nakusalimu. Nafasi zote tatu zikawa za Chui, Malkia na Senene.

"Nilijiambia Kantengwa nitamrudisha kadi ijayo," anasema Xaveri. Anakung'uta vumbi gotini, vumbi ambalo halipo. "Kila kadi nilisema ijayo."

Mwezi wa pili mwaka huu, Anatolia, mama anayeuza dagaa sokoni, alirudi kutoka Runzewe, alikoishi miaka mingi. Alimsikia Rwezaura akimtania Xaveri kwa jina la zamani. Akaweka kopo la kupimia chini.

"Waitu, ndugu yangu, umesema nani? Punda wa Mama?"

Ndipo akasimulia. Kule Runzewe alikuwepo mama ntilie kijana, Kantengwa. Siku moja mwaka 1987, akipita nje ya duka, alisikia redioni Punda wa Mama akimsalimu. Kelele za watu zilimeza mahali kadi ilikotoka. Aliuza sufuria mbili na kitenge, akanunua redio ndogo, akaanza kuisubiri hiyo salamu irudi, itaje kijiji.

"Miaka miwili, baba," Anatolia alisema. "Ugali unaungua, yeye sikio liko redioni. Watu wakamwambia: mama, mtu wa salamu haachi salamu. Akinyamaza, amekufa. Akaamini."

Kantengwa akafanya kama wanavyofanya watu wa huku maiti isipoonekana. Alikata mgomba, akauvika shati, akauzika nyuma ya nyumba. Akakaa matanga siku nne na majirani wakala. Kisha akauza redio.

Baadaye alihama na mumewe, mpasua mbao. Wengine wanasema Geita, wengine Kahama.

Xaveri hakulia sokoni. Aliuliza jambo moja tu: shati lilikuwa la rangi gani? Anatolia hakukumbuka.

"Tulikuwa tunatania tu," anasema Rwezaura leo, cherehani imesimama.

"Utani ni wa anayecheka," anajibu Xaveri.

Ametuma kadi tano kwa jina la zamani. Anajua hazifiki popote. Aliyekuwa akizisubiri hana redio, na hata akisikia kwa jirani, atadhani kuna mhuni anayemchezea marehemu wake. Kwa hiyo kilichobaki ni kwenda mwenyewe.

Msimu wa kahawa ukiisha ataondoka kwa baiskeli hii hii. Amepanga kuanzia Runzewe, nyuma ya ile nyumba, kabla ya kuuliza njia ya wapasua mbao.

"Na kama ule mgomba ulishika ukaota?" Anatolia anamuuliza, nusu kwa mzaha, akimfungia dagaa wa njiani.

"Nitakata mkungu," anasema Xaveri. "Nitakula ndizi za kaburi langu nishibe, halafu nitawagongea majirani waliokula matanga yangu. Mmoja wao lazima anajua alikohamia."