Mimba Moja, Madume Mawili

Inawezekana. Usinikatize, nasema inawezekana! Mbwa jike mmoja, mimba moja, tumbo moja, na watoto wanatoka wa baba wawili. Hata watatu. Sikupi stori za kijiweni. Na kabla hujaanza kucheka, wewe si wa kwanza. Kwamsisi walicheka wote, wazee kwa vijana, na kicheko kilipokwisha wakataka kunifukuza, mimi, kwenye kijiji alichozaliwa mama yangu.

Naona unakunja uso. Haya, nianze vizuri.

Nauza kwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, Korogwe mjini. Shule niliishia njiani, lakini kusoma sijaacha. Kila karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa naisoma mbele na nyuma, na nisichoelewa nakitafuta kwenye simu. Daktari wa mifugo akija kununua chanjo namganda hapo hapo kaunta mpaka anijibu maswali yangu. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mpole sana, huwa anashika kichwa. "Wewe binti, mimi nimekuweka hapa uuze dawa ya kupe. Nani amekuambia ufungue chuo?"

Ndiyo nilivyowajua mbwa. Kwamba mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, jasho lake liko kwenye nyayo. Kwamba pua ya kila mbwa ina michoro yake peke yake, kama dole gumba lako. Kwamba akimaliza haja akaanza kuparura chini hafukii kitu, anaacha harufu ya miguu yake ili mwenzake akija ajue nani kapita. Na watu wanasema anachimba kaburi la mwenye nyumba! Nimeshagombana na mama ntilie mzima kwa sababu ya hilo kaburi, chakula nimeacha mezani. Nakula wali wangu kwa amani halafu mtu anamsingizia mbwa uchawi mbele yangu?

Sasa Bibi. Bibi mzaa mama, yuko Kwamsisi, analima mahindi na mihogo. Shamba lake ndilo la mwisho, linapakana na pori, na porini kuna nguruwe. Nguruwe pori hawaombi, wakiingia leo kesho unakuta mabua yamelala kama yamefyekwa. Aliyekuwa anawazuia miaka yote ni mbwa wake, jike mwenye rangi ya vumbi. Ni mbwa wa shambani huyo, uani hakanyagi. Bibi anaswali, ana kanga ya shambani na kanga ya nyumbani, na ile ya shambani haigusi ndoo ya kutawadhia. Lakini jaribu kumsema vibaya mbwa wake uone.

Mbwa akazeeka. Jicho moja likaingia ukungu, mguu wa nyuma anauburuta. Akazaa mara ya mwisho, wengi wakafa, wakabaki watatu. Mmoja mweusi, mkia umejikunja kama ndoana. Mmoja mweupe, mwenye baka moja la kahawia kwenye sikio. Na wa tatu, jike, ana madoa mwili mzima na kichwa kigumu, anawabwekea hata majogoo. Bibi akamchagua huyo wa madoa tangu hajaachishwa ziwa. Akaniambia kwenye simu, "Huyu ndiye. Mama yake amfundishe sasa hivi angali hai, mahindi yakianza kukomaa awe anaijua kazi."

Elewa hapo, maana ndiyo kesi yenyewe. Bibi akikosa mbwa anapanda dungu mwenyewe, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, anakesha anapiga debe. Kwa magoti yale! Mimi sikuwa napigania sayansi. Nilikuwa napigania Bibi alale ndani.

Kwao pale mwenye dume anapewa mtoto mmoja, na anachagua wa kwanza. Haki yake. Tabu ni kwamba wenye dume walijitokeza wawili. Wa kwanza mzee jirani, shamba lake na la Bibi yanagusana, ana dume la kahawia na nyeupe. Wa pili fundi baiskeli, ana dume jeusi lenye mkia wa ndoana. Na kila mmoja anamtaka nani? Wa madoa. Bibi akanipigia, "Njoo wewe unayewajua mbwa, hawa watauana hapa." Nikaomba ruhusa dukani, nikapanda basi mpaka Mkata, kutoka Mkata pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nafika, watu wamejaa pembeni ya shamba utadhani mnada.

"Dume langu lilinasana na huyu jike hapa hapa kwenye mihogo," mzee anasema, anagonga fimbo chini. "Watoto walitaka kuwarushia mawe, nikawakemea mimi. Mashahidi wapo."

"Na langu lilinasana naye kesho yake, kule kisimani," fundi baiskeli anajibu. "Kina mama walikuwa wanachota maji, waulize."

"La kwako lilichelewa. Mbwa akishanasa amefunga. Umeona wapi mlango uliofungwa ukafungwa tena?"

"Inategemea na komeo, mzee wangu. La kwako nadhani lilikuwa bovu."

Watu wakaangua kicheko. Nikasalimia, shikamooni wazee, marahaba, nikaingia katikati. Yule mtoto mweusi mwenye mkia wa ndoana kalala pale, ni yule baba yake kapunguzwa tu! Na hawa wanagombea mlango!

Nikawaambia polepole, kwa adabu, naapa kwa adabu kabisa. Mbwa kunasana hakufungi kitu. Ni dume linavimba kwa ndani, wanageuziana migongo, wanasubiri lipungue, wanaachana, maumbile tu, hakuna tego wala dawa ya mganga. Na jike akiwa kwenye joto hapokei dume mara moja akamaliza, anapokea siku kadhaa. Mbegu ya dume la kwanza inakaa hai ndani inasubiri mayai, ya dume la pili inaikuta. Kila yai na bahati yake. "Kwa hiyo wazee wangu, hakuna mwongo hapa. Wote mna haki. Mweusi ni wa fundi. Huyu mwenye baka la kahawia ni wa babu. Wa madoa abaki na Bibi. Tumemaliza, tukanywe chai."

Nilijiona hakimu, wallahi.

"Mtoto wa kike unayajua vipi mambo haya?" mtu mmoja akauliza kwa nyuma.

"Kwa kusoma!"

Fundi baiskeli hakungoja. Akamnyanyua mweusi kwa ngozi ya shingo, akamweka kwenye boksi nyuma ya baiskeli. "Mimi nimekubali. Haki yangu hii." Angeondoka hapo, leo tusingekuwa tunaongea. Lakini mdomo ulimwasha. Akamgeukia mzee akasema, "Kumbe mapacha wanaweza kuwa na baba wawili, eh mzee wangu?"

Basi.

Kuna kitu nilikisahau, na mtu mzima yeyote pale alikuwa anakijua. Mzee ana mapacha, watu wazima sasa, wana familia zao. Mmoja mrefu mweusi tii, mwingine mfupi mweupe kama kamenywa. Tangu wamezaliwa hakuna mwanakijiji aliyewahi kufungua mdomo kuuliza.

Mzee hakumwangalia fundi. Aliniangalia mimi. "Binti. Umetoka Korogwe kuja kumtukana mke wangu?"

"Babu, sijamtaja bibi! Nimetaja mbwa!"

"Kwa hiyo mke wangu ni mbwa."

"Hee! Jamani! Nimesema mbwa ni mbwa! Binadamu ni mambo mengine, kwa binadamu ni nadra sana..."

Nadra. Hilo neno likanimaliza. Mzee akasogea hatua moja. "Kwa hiyo hutokea."

Wewe ungejibu nini? Kweli hutokea! Nimesoma hutokea, mara chache mno, lakini hutokea. Nikafunga mdomo, na kufunga mdomo kwangu mimi kila mtu akaona ndiyo jibu. Vurugu iliyofuata sina hamu nayo. Vijana wanasema niondolewe, wamama wanashika vichwa, fundi baiskeli kashakanyaga pedali katoweka na boksi lake, mchokozi mkubwa yule, na lawama zote kaniachia mimi.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Mke wa yule mzee ndiye rafiki wa Bibi. Siyo rafiki wa habari za asubuhi. Wamelima pamoja, wamechotea maji ndoo moja, wamelinda mashamba kwa zamu, leo huyu anaangalia pande zote mbili, kesho yule. Babu yangu alipofariki, huyo mama alilala kwenye mkeka wa Bibi mpaka arobaini ikapita. Jioni ile akaja. Hakubisha hodi. Alisimama uani, akasema, "Nimefuata jembe langu." Bibi akamletea. Akalipokea, akaondoka. Hakuna salamu, hakuna usiku mwema. Jembe lenyewe lilikaa kwa Bibi miaka, mimi nikijua ni la Bibi.

Bibi akakaa chini. "Kesho asubuhi kaseme ulikosea."

"Bibi, sikukosea."

"Sijakuuliza kama ulikosea. Nimekuambia kaseme."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu ya Bibi, siyo kwa sababu ya mtu mwingine. Nikamkuta yule mama anapepeta mahindi. Shikamoo bibi. Marahaba, hakunitazama. Nikasema nimekuja kumwomba radhi kwa maneno yaliyomfikia.

"Ulisema uongo au kweli?"

"Kuhusu mbwa nilisema kweli, bibi."

"Na kuhusu mimi?"

"Kuhusu wewe sikusema hata neno moja."

Akapepeta. Pumba zinanijia usoni. "Ndiyo ubaya wake," akasema. "Ungesema neno ningekujibu."

Nilirudi nikalia kwa hasira. Siyo huzuni, hasira! Nimejaza kichwa vitu vya kweli. Najua watoto wa mbwa wanazaliwa vipofu na viziwi, macho na masikio yanafunguka baadaye. Najua kuna mbwa wa madoa wanaozaliwa weupe pee, madoa yanakuja baadaye. Najua mbwa anaona bluu na njano, lakini nyekundu hana habari nayo. Na hakuna hata kimoja katika vyote hivyo cha kumrudisha mama mmoja amsalimie Bibi.

Bibi yeye hakulia. Alivaa kanga yake ya shambani, akamweka yule wa madoa kwenye kikapu, akatoka. Nikamfuata. Njiani nilimsihi, "Bibi mpe huyu mweupe, mpe chochote, usimpe huyo." Kama ananisikia! Akafika kwa jirani, watu wapo, akahakikisha wapo, akamwambia yule mama kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Nimemleta mtoto wa dume la mume wako. Wote watatu walikuwa wa dume hilo hilo. Baba mmoja. Mjukuu wangu anauza dawa za kupe, mambo mengine hayajui."

Mimi niko nyuma yake nasikia. Uongo mtupu, kwa herufi kubwa, na mimi ndiye nimegeuzwa mjinga. Nikauma ulimi mpaka nikahisi chumvi. Mzee akampokea mbwa. Akasema, "Sasa mambo yamekaa sawa." Fundi baiskeli mpaka leo anatangaza kisimani kwamba mweusi ni wa kwake, na hakuna anayembishia, kwa sababu ana mbwa wake. Kila mtu ana mbwa wake isipokuwa mwenye jike.

Bibi akabaki na mweupe. Kabla sijaondoka nikawa nimekaa na huyo mweupe pale chini ya dungu, nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Nikapiga debe. Wapi, anaendelea kutafuna kiatu changu. Nikajua. Mbwa weupe wengine wanazaliwa hivyo, rangi ikikosekana masikioni kwa ndani, kusikia nako kunakosekana. Watu pale walikuwa wanamwita mjeuri kwa sababu haitikii. Masikini wa Mungu, hasikii chochote!

Yule mama sasa anamsalimia Bibi, ndiyo. Kwa mbali, kutoka upande wake wa mpaka. Jembe hajarudisha, na zamu za kulinda pamoja hazijarudi. Na yule wa madoa amekuwa mbwa hasa, alivyotabiri Bibi. Anabweka shamba la jirani mpaka nguruwe wanalikimbia. Sasa wakilikimbia unadhani wanaenda wapi? Wanavuka wanaingia kwa Bibi, mbwa mzee hajiwezi tena, wanampita mweupe amelala usingizi wake mzuri. Bibi anasema ana pua nzuri, atazoea. Pua! Upepo ukivuma upande mwingine hiyo pua itamsaidia nini?

Mahindi yameanza kubeba. Juzi nimempigia simu, nasikia anahema. Nikamuuliza uko wapi, akasema, "Niko juu." Namwambia njoo Korogwe ukae na mimi, anakata simu. Na ukimuuliza yeyote kule Kwamsisi, atakuambia yote haya ni sababu ya mdomo wangu, siyo sababu ya komeo la mzee wala mdomo wa fundi. Sasa na wewe umekaa hapo unatikisa kichwa, unaniambia mimba moja haiwezi kuwa na baba wawili. Sawa, bisha. Lakini nijibu kwanza: kwenye lile dungu atapanda nani, wewe?