Boksi la Moyo Nyuma ya Kioo

Jina langu ni Zuhura, nashona nguo nyumbani, mtaa wa Darsait. Shule niliiacha mapema. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa nitasema nimeambiwa, kwani sehemu kubwa ya khabari hii ilipita mimi nikiwa chini, sina pumzi.

Zamani nilikuwa mzima. Nilipanda ngazi na mfuko wa mchele bila kupumzika. Mume wangu, Nassor, alikuwa dereva wa kampuni moja. Asubuhi moja alianguka mapokezi, kazini kwake. Ukutani, karibu na alipolala, palikuwa na boksi lenye mashine ya kushtua moyo. Wenzake waliliona. Wakaulizana, "Sheria inasemaje? Tukimuua je?" Hakuna aliyejua. Kibandiko cha juu yake kilisema lifunguliwe na tabibu peke yake. Wakasubiri gari ya wagonjwa, na Nassor akafa. Mwenzake mmoja alinisimulia matangani, huku analia. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie.

Nikiwa ndani ya eda, kifua kikaanza kunibana. Maumivu yalianzia katikati, yakapanda hadi kwenye taya, na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Jasho la baridi lilinitoka hata mbele ya kiyoyozi. Nikajiambia ni huzuni, nikanywa chai ya tangawizi. Sikumwambia mtu.

Eda ilipokwisha, mtoto wa ndugu yangu aliolewa, arusi ikafanywa katika hoteli moja mji wa Sib. Ulikuwa ukumbi wa wanawake, mwanamume haingii, hata muuguzi wa hoteli, naye mwanamume. Shangazi yangu, Bi Rukia, akanivuta mkono.

"Njoo ucheze, Zuhura! Umekuja arusini na uso wa matanga, bibi arusi atakimbia!"

Nikacheka, nikasimama. Kifua kikabana kama kimekanyagwa. Taa zikawa nyeusi. Baada ya hapo sijui kitu.

Yanayofuata nimeambiwa na Bi Rukia, na Grace, Mkenya aliyekuwa akigawa vinywaji. Nilianguka kifudifudi. Mkojo ukanitoka, midomo ikageuka rangi. Nilikoroma kidogo, kisha kimya. Muziki ukazimwa. Muuguzi alikuwa nje akigonga mlango, "Niingie?" na wanawake, wengi vichwa wazi, wakapiga kelele, "Usiingie!"

Boksi kama lile la kazini kwa Nassor lilikuwa ndani, pembeni mwa mlango, limefungwa kwa ufunguo. Kibandiko kile kile. Grace akavua kiatu akavunja kioo kwa kisigino.

Msimamizi wake, mwanamke, akamshika mkono. "Grace, huna ruhusa! Utarudishwa kwenu!"

"Wanirudishe. Huyu mama ameshakufa, nitamuua mara ngapi?"

Mashine ikaanza kusema yenyewe, kwa Kiingereza, kwamba kifua kiwe wazi. Grace akanigeuza chali, akachukua mkasi uliokuwa ndani ya boksi. Hapo ukumbi ukalipuka. "Msimvue! Mfunikeni! Sitara yake!" Mmoja akanitupia shela juu, Grace akaiondoa, mwengine akairudisha.

Bi Rukia, ambaye hata mbele ya shemeji zake hafungui shungi, akavua abaya yake akainyoosha kwa mikono miwili. Akasema, "Sitara yake ni sisi. Wenye abaya njooni, mgeuke, mzunguke. Wewe binti, kata."

Wakasimama duara, migongo kwangu. Grace akakata gauni, akanibandika kifuani pedi mbili za mashine. Mashine ikasema nisiguswe. Akabonyeza. Bi Rukia anasema niliruka kama samaki, naye akadhani nimeuawa kweli. Kisha Grace akanikandamiza kifua hadi wanawake walipojifunika na muuguzi akaingia kumpokea. Nikatapika. Nikavuta pumzi.

Nilizinduka hospitali, mbavu zinauma kila nikikohoa, na alama mbili nyekundu za kuungua kifuani. Daktari akaniambia, "Mshipa wa moyo uliziba. Moyo ulikuwa unatetemeka tu, hausukumi damu. Ile mashine ndiyo iliyourudisha katika mwendo wake."

Nikamuuliza, "Na kama wangesubiri gari?"

Akatazama shuka. "Tusingekuwa tunaongea, mama."

Watu walidhani nitafurahi. Mimi nilikuwa namwaza mume wangu. Nassor naye alikuwa na boksi ukutani.

Nilipotoka, nikasikia Grace anaitwa na meneja wa hoteli, huenda akaachishwa. Nikaenda na Bi Rukia, natembea pole pole kama mzazi aliyejifungua jana. Meneja alituheshimu, akatuletea kahawa. Akasema hoteli inaogopa kushtakiwa, maana asiye tabibu akikosea, nani atabeba lawama? Sheria siijui mpaka leo. Kisha akauliza, "Na nani alimruhusu amguse mgeni wetu?"

Nikamwambia, "Siku ile sikuwa na pumzi ya kumruhusu. Leo nnayo. Nimemruhusu."

Akalifunga faili la Grace. Grace hakurudishwa kwao.

Namshukuru Mungu, namshukuru Grace, nawashukuru wanawake walionipa migongo yao. Nanyi mnaosoma, kifua kikibana na taya likiuma, msiseme ni huzuni, semeni kwa sauti. Na pale kazini kwenu, ulizeni leo nani ana ruhusa ya kufungua boksi, kabla hajaanguka mtu. Nilipopita tena pale hotelini, kioo kipya kilikuwa kimetiwa, bila kufuli, na kibandiko hakipo. Nilisimama mbele ya boksi nikalifungua, nikalifunga. Lilifunguka kwa kidole kimoja.