Adieu ya Mjomba

Juzi nilikuwa nabangua korosho, nikamsikia mjukuu wangu akisoma daftari lake la Kifaransa kwa sauti. "Au revoir" ni ya watakaoonana tena. "Adieu" ni ya wanaoagana kwa mara ya mwisho. Mkono wangu ukasimama.

Maneno hayo Mjomba alirudi nayo kutoka vitani Madagaska. Pale kwetu Kitangari, kila nilipoteremka bondeni na Mama kuchota maji, aliniaga kwa "au revoir", nami nikamjibu vivyo hivyo.

Alasiri aliyoondoka nilimsindikiza hadi kwenye lori la manamba waendao kukata mkonge Tanga. Lilinuka petroli na jasho.

"Adieu, mpwa wangu," akasema.

"Mbona leo siyo ile nyingine, Mjomba?"

"Hii ni ya safari ya lori." Alikuwa anatazama pembeni. "Maana ni ileile."

Nikalikimbilia lori kwenye vumbi, nikipiga kelele kwa furaha: "Adieu, Mjomba! Adieu!"

Nyumbani nikamhakikishia Mama kwamba kaka yake atarudi, kaniambia mwenyewe. Mama akamwekea mtungi wa maji ya kuoga, na hakuna aliyethubutu kuugusa, hata siku tulizolala na kiu. Kila yalipoingia viluwiluwi aliyamwaga, akateremka tena bondeni kumtekea mengine. Alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka magoti yakamkatalia.

Kuondoka kwake Mjomba nilishamsamehe zamani. Jingine nimelijua juzi: alinituma mimi nikamdanganye mama yangu.